Mafuta Meusi ya Lori la Lwitiko

Mwonjaji aliteremka kutoka darini kwa nyaya zake nne, akajipenyeza chini ya lori na kuingiza ulimi wake mwembamba wa chuma ndani ya giaboksi. Mashine hiyo haikuhitaji kufungua nati hata moja. Kwa sekunde tatu tu iliyaonja mafuta, ikasoma umri wake, joto lililowahi kuyapata na kila chembe iliyoelea ndani yake. Mwaka huo wa 2094, hakuna lori lililoruhusiwa kupanda mlima wa Isalanyi bila kuonjwa kwanza pale Makambako.

"Mafuta yana miaka kumi na minne," Mwonjaji alisema kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. "Yamwagwe yote, yawekwe mapya. Fundi athibitishe."

Fundi mwenyewe alikuwa Tusekile, binadamu pekee aliyebakizwa kwenye karakana ile. Kazi zote zilifanywa na mashine, lakini sheria ilitaka kidole cha mtu kwenye kioo, basi akawekwa yeye na kidole chake. Siku hiyo lori lilikuwa la kaka yake, Lwitiko, aliyeketi juu ya tairi kuukuu akitafuna karanga. Lilikuwa limekwenda kilomita milioni mbili, na matunzo lilikuwa linayasikia kwa wenzake.

"Weka kidole, mdogo wangu, niondoke," Lwitiko alisema. "Lisipopita leo linakwenda kusagwa. Nitakula nini?"

Tusekile aligusa tone lililodondoka, akalinusa. Lilinuka kuungua. Harufu ile alikwisha kukutana nayo mara tatu.

"Kaka, haya mafuta yasimwagwe."

"Si meusi?"

"Ni meusi, ndiyo. Sahani za klachi zilizomo ndani ya giaboksi zimelika, na unga wake umo humo humo kwenye mafuta. Huo unga ndio unaozisaidia kushikana. Yakiwekwa mapya zinateleza. Hapa utaondoka vizuri, ukifika katikati ya mlima injini inanguruma na gia haivuti. Unarudi kinyumenyume na tani arobaini, na breki peke yake hazikushikilii. Ungebadilisha kila mwaka, sawa. Sasa umechelewa."

"Malori elfu sita yaliyobadilishiwa mafuta hapa yamepanda Isalanyi salama," Mwonjaji aliingilia. "Pua si kipimo."

Maneno hayo Tusekile alishawahi kuambiwa, akanyamaza, kwa sababu aliogopa kuipoteza kazi. Safari hii aliona aibu kunyamaza.

"Yaliyokuwa na mafuta ya namna hii, tukayabadilisha, yakaanguka, ni mangapi?"

"Matatu. Chanzo: uzembe wa dereva."

"Wataje madereva."

Mwonjaji hakuwa na la kuficha. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumuuliza. "Mbilinyi. Sanga. Kyando. Wote watatu walikufa. Malori yote yalithibitishwa na fundi Tusekile."

Lwitiko aliacha kutafuna. "Ulijua?"

"Nilinusa. Nikaambiwa pua si kipimo, nikabonyeza."

Alitegemea matusi, hata kofi. Lwitiko alipanda kwenye lori lake. Aliposhuka alikuwa na blanketi lake na chupa ya chai. Kwa kuwa kidole hakikuwekwa, taa nyekundu ikawaka, na mikono ya karakana ikaanza kulivuta lori kuelekea kwenye kinu cha vyuma. Lwitiko alilitazama mpaka likaingia, machozi yakimtoka, naye hakujisumbua kuyafuta.

"Kyando nilimzika mimi," alisema. "Nilisimama msibani, mbele ya mkewe, Mama Atupele, nikasema alikuwa anaendesha kama kichaa. Watoto wake walikuwa wamekaa pale pale kwenye mkeka."

Tusekile alivua ovaroli, akaliacha juu ya kioo cha kubonyezea kidole.

"Mama Atupele bado anakaa kule nyuma ya soko?"

"Bado. Unakwenda kumwambia nini?"

"Kwamba mumewe hakuwa mzembe. Na kidole kilikuwa cha nani."

Lwitiko alilikunja blanketi, akalikunjua, akalikunja tena.

"Utaanza wewe," alisema. "Ukimaliza, na mimi niseme langu."