Miiba Ndani ya Dohani

Ottmar Kress alikutwa amekufa Jumapili asubuhi, Novemba 1993, katika banda la mawe lililoungana na mnara wa mlima Wetterkuppe, kando ya mpaka wa zamani ulioigawa nchi vipande viwili. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo ukutani, kofia kichwani, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kucheka. Aliyemkuta ni Volkmar, mtoto wa nduguye marehemu, aliyempelekea kuni.

Inspekta Roswitha Hartung alifika saa nne. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima mzima, hata ncha ya mnara haikuonekana.

"Hewa ya mkaa," alisema Konstebo Benkert, mzaliwa wa kijiji cha bondeni. "Mzee kawasha jiko jana jioni, dohani imeziba, usingizi ukamchukua. Kunguru wamejenga humo. Panda ukajionee. Goti langu na ngazi hatuelewani."

Pembeni, Bi. Edeltraud Schaub, mjane aliyewapikia wapanda milima supu ya njegere kila Jumapili, alikuwa akifuta macho kwa aproni. "Kila mwaka kunguru hao," alisema. "Nilimwambia Ottmar aweke wavu. Hasikii, yule."

Hartung akapanda. Dirisha la kwanza la mnara lilitazama moja kwa moja mdomo wa dohani. Mtu akiinama kidogo anaugusa. Mlango wa mnara haukuwahi kufungwa, kwa hiyo yeyote angeweza kupanda. Alichomoa fungu la vijiti lililoshindiliwa kwa nguvu, akashtuka: kidole kilikuwa kinatoka damu.

Alishuka na vijiti mkononi.

"Benkert, kunguru hujenga lini?"

"Baridi ikiisha, Machi, Aprili."

"Na jiko hili limewaka Oktoba yote. Sasa tazama hapa. Ncha zote zimekatwa mshazari. Umewahi kuona kunguru mwenye mkasi?"

Benkert alivua kofia, akaivaa tena. "Waridi," alisema taratibu. "Mlimani huku halioti hata waridi moja."

Kufikia Jumatatu kijiji kizima kilikuwa na jibu. Volkmar alisikika wiki iliyopita akimfokea mzee mbele ya duka la mikate: "Nitakutoa huko juu hata kwa kukuburuta!" Tena mikono yake ilikuwa imechanikachanika.

Hartung alimkuta zizini. Alikuwa mwanamume mkubwa wa miaka thelathini, macho yamevimba.

"Mikono hiyo imepatwa na nini?"

"Nimekata kichaka cha miiba kwenye uzio. Rundo lile pale, nenda kalione."

Rundo lilikuwepo, na vidonda vilikuwa vya siku nyingi, vimeanza kukauka. Shambani kwake hapakuwa na waridi hata moja.

"Ulimtishia ami yako."

"Nilimtishia kumleta nyumbani kwangu! Moyo wake ulikuwa mbovu, Inspekta. Nilitaka alale penye moto, ale chakula cha maana. Akakataa. Akasema mnara ule ni wake na mama yake, kwamba alisimama juu yake miaka kumi akimpungia mkono huyo bibi yangu, aliyebaki ng'ambo ya mpaka." Akawatupia ng'ombe nyasi. "Bibi ndiye aliyenilea. Kule walikuwa wamemkatalia kila alipoomba kutoka. Ghafla, mwaka 1971, wakamwachia. Hatukujua kwa nini. Tulishukuru tu."

Garini Hartung alishika ufunguo bila kuwasha injini. "Benkert, 1971 palitokea nini kingine mpakani hapa?"

Konstebo aliacha kutafuna mkate wake. "Lienhard, kaka yake Edeltraud. Alikuwa ng'ambo, akajaribu kuvuka usiku kuja huku, wakampiga risasi kwenye uzio. Walikuwa wakimsubiri, watu walisema. Amezikwa kulekule. Tangu mpaka ufunguliwe, Edeltraud ndiye anayelitunza kaburi."

"Amepanda nini juu yake?"

Benkert alimtazama, rangi ikamtoka.

Makaburi yalikuwa nyuma ya kanisa dogo, mahali ambapo zamani askari tu waliweza kufika. Miwaridi kwenye kaburi la Lienhard ilikuwa imepogolewa juzijuzi, mikato bado mibichi. Kwenye shimo la takataka kulikuwa na majani, mishumaa iliyokwisha, mashada yaliyooza. Hapakuwa na hata kijiti kimoja cha waridi.

Edeltraud alikuja saa tisa, glavu nene za ngozi mikononi. Alipowaona alisimama, kisha akaja mbele vilevile, kama mtu aliyechoka kukimbia.

"Vijiti ulivyokata hapa viko wapi, Bi. Schaub?"

"Unavyo wewe."

"Nani alikwambia kwamba Ottmar alimsaliti Lienhard?"

Mwanamke yule aliketi ukingoni mwa kaburi. "Hakuna aliyeniambia. Kiangazi hiki alikuja mzee mmoja bandani, zamani askari wa mpaka. Anakula supu yangu, anasimulia huku anacheka. Blanketi jekundu likitundikwa mnarani, anasema, tulijua usiku ule kuna mtu anakuja. Kuna wa upande wenu aliyetuambia." Alivua glavu moja. "Maana ya blanketi lile, kwamba Lienhard avuke usiku huo, tuliijua watu watatu. Mimi, Lienhard na Ottmar. Ottmar ndiye aliyelitundika."

"Ukamuuliza?"

"Ijumaa. Hakukana. Walimwahidi kumwachia mamake. Akaniita kwa jina langu la utotoni, 'Traudel, ungekuwa wewe ungefanyaje?'" Aliikunja ile glavu magotini. "Nilimwambia ningekuja kwako kwanza. Ningekuja, tukae, tulie pamoja, tumzuie Lienhard asije. Unajua, Inspekta, siku mama yake alipofika, wiki ile ile niliyofiwa, mimi ndiye niliyemwokea keki? Nikaikata kwa mkono wangu. Ottmar akala vipande viwili."

Benkert aligeuka upande wa pili.

"Ungeweza kuja kwetu," Hartung alisema.

"Mngemfanya nini? Mngemwandika kwenye daftari?" Akanyoosha mikono mwenyewe. "Nipeleke. Ila yule kijana msimwambie chochote kuhusu bibi yake. Hana kosa."

"Atayasikia mahakamani. Afadhali ayasikie kwangu."

Jioni ile, Edeltraud akiwa tayari rumande, Hartung alirudi shambani peke yake. Volkmar alimfungulia, akamvutia kiti jikoni, akaanza kummiminia kahawa. Ukutani ilining'inia picha ya kikongwe mwenye kitambaa kichwani, akicheka.

"Umempata?" aliuliza.

"Nimempata. Acha kahawa, Volkmar. Keti kwanza."