Koili Iliyokatwa Mara Tatu

Kila asubuhi mshonaji alimwachia mama mkwe wake maji na majani ya chai, kisha akaenda kazini. Mama mkwe alibaki peke yake na jiko la umeme. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa ulimi, lakini pua yake haikusikia tena harufu yoyote.

Siku moja mshonaji alirudi kuchukua mkasi aliousahau. Mlangoni tu, harufu ya plastiki inayoungua ikampokea. Akakimbilia jikoni. Mama mkwe alikuwa akinywa chai kwa raha zake. Nyuma yake, waya wa jiko ulikuwa umelainika na plagi imegeuka kahawia.

"Mama! Husikii harufu?"

"Harufu gani? Keti unywe chai. Siku hizi jiko hili linachemsha kufumba na kufumbua. Mwanangu ana mkono wa ufundi!"

Mshonaji akazima swichi ya ukutani. Je, kama asingerudi?

Jioni akamwita jirani yao, fundi umeme, mwanamke asiyemung'unya maneno. Mume wa mshonaji, mpaka rangi ambaye walimtania kwa jina la Injinia, hakufurahi.

"Jiko nimelitengeneza mwenyewe," alisema. "Koili, ule waya unaopata moto, ikikatika, naondoa kipande kilichoungua, naunganisha. Mara tatu sasa! Na kila mara linawaka vizuri zaidi."

"Shemeji, hapo ndipo ulipoharibu," fundi alijibu.

Akafunga kwa muda waya wake mnene badala ya ule ulioungua, akawasha jiko, akapima kwa mita. "Volti 240. Umeme unaopita, ampea 8. Haya, Injinia, gawanya volti kwa ampea."

"Thelathini."

"Huo ndio ukinzani, yaani jinsi koili inavyouzuia umeme. Omu 30. Sasa soma kibandiko cha jiko."

"Volti 240, wati 1200."

"Wati ni volti mara ampea. Basi jiko hili likiwa jipya lilivuta ampea 5, maana 240 mara 5 ni 1200. Ukinzani wake ulikuwa ngapi? 240 gawanya kwa 5."

Injinia akakuna kichwa. Mkewe akamtangulia: "Arobaini na nane!"

"Umepata, dada. Omu 48. Kila ulipoifupisha koili, shemeji, ulipunguza ukinzani. Volti ni zilezile, kwa hiyo umeme mwingi zaidi ukapita. Sasa ni 240 mara 8, wati 1920. Na waya wenu umeandikwa ampea 6. Mnaubebesha mzigo usio wake."

Injinia akamtazama mama yake.

"Ningekuunguza, Mama," alisema.

Kesho yake alinunua koili nzima ya wati 1200, waya mpya na plagi mpya. Fundi akavifunga, akapima. Ampea 5. Maji yalipochemka, mshonaji aliugusa waya kwa ncha ya kidole. Haukuwa na joto. Akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ila Mama," Injinia alisema kwa aibu, "chai itachelewa kidogo kuanzia sasa. Utavumilia?"

Mama mkwe akacheka mpaka kikombe kikatikisika.

"Wewe nilikungoja miezi tisa. Chai ndiyo itanishinda?"