Korosho za Katikati ya Gunia

Msimu wa korosho ukifika, Mboni alikuwa na kazi moja tu baada ya shule: kulinda korosho zilizoanikwa mbele ya nyumba yao, mwendo mfupi kutoka katikati ya kijiji cha Kilangala. Alizigeuza kwa mikono, akawafukuza kuku, na kila baada ya muda akatazama juu. Wingu likitanda, alitakiwa kukunja turubai, azifunike korosho, aweke mawe pembeni. Kazi hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeiweza, na Mboni alikuwa darasa la sita. Labda ndiyo maana aliidharau.

Bibi Somoe, mama mzazi wa baba yake, alizoea kuja kukaa naye na kuchambua korosho mbovu. Mikono ilichambua, mdomo ulisimulia.

"Enzi zetu, mke mwenza," alisema siku moja, maana ndivyo alivyopenda kumtania mjukuu wake, "mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali. Bei tunaisikia redioni kabla hata hatujaingia shambani. Uwe na korosho nzuri, uwe na za hovyo, zikishapita kwenye mzani basi! Sasa sisi wajanja tulifanyaje? Chini tunaweka nzuri, juu nzuri, katikati tunasokomeza takataka zote!"

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mboni naye akacheka. Hakujua kwamba kicheko kile kingemtokea puani.

Jumatatu iliyofuata, Bibi alikwenda msibani na baba yake Mboni, Mzee Issa, alikuwa shambani. Restuta, rafiki yake wa nyumba ya pili, alipita na mpira wa matambara.

"Twende tukacheze rede. Kidogo tu."

"Na korosho?"

"Kwani zina miguu?"

Mboni alitazama juu, akaona anga jeupe, akaenda. Hiyo "kidogo tu" ikawa mchezo mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mvua ilipoanza, haikuanza kwa matone. Ilimwagika. Mboni alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamvuka njiani, lakini alipofika nyumbani nusu ya korosho zilikuwa zimelowa chapachapa, na nyingine zilielea kwenye dimbwi katikati ya turubai.

Baba yake alikuwa ameshajaza magunia mawili, na korosho hizi ndizo zilizobaki kujaza la tatu. Kesho yake asubuhi magunia yote matatu yalipaswa kufika kwenye ghala la chama cha wakulima. Mzee Issa hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na Mboni aliuogopa ukimya ule kuliko fimbo.

Ndipo hadithi ya Bibi ilipomjia. Alichukua gunia, akatia korosho kavu chini. Akatia zilizolowa katikati, akizishindilia kwa haraka huku akitazama njia. Juu akamalizia na kavu.

Baba yake aliporudi, alilitazama gunia kwa furaha. "Umejaza mwenyewe? Mvua haikuzikuta?"

"Haikuzikuta, Baba."

"Ahsante, mwanangu. Umenipunguzia kazi."

Mboni aliitikia kwa kichwa tu.

Asubuhi alimsindikiza baba yake ghalani kabla ya kwenda shule. Karani wa chama, kijana mmoja aitwaye Ridhiwani, alitumbukiza mkono kwenye gunia la kwanza hadi kwenye kiwiko, akachota korosho, akazitikisa karibu na sikio kusikia kama zimekauka. Akafanya hivyo kwa la pili. Alipofika kwenye la tatu, Mboni aliukazia macho mkono ule. Safari hii mkono uliingia mpaka kwenye kifundo tu, ukatoka na korosho kavu.

"Za kwako huwa hazinipi wasiwasi, Baba Mboni," karani alisema. Gunia likapimwa, likabebwa ndani, likapangwa pamoja na magunia ya watu wengine.

Mboni alidhani hofu ingeishia hapo. Wapi! Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Usiku kucha aliota ukungu wa kijani ukitambaa kutoka gunia moja kwenda jingine, na Jumatano asubuhi aliamka amechoka kama aliyelima.

Wakati wa mapumziko shuleni, Restuta alikuwa na furaha tele. Mama yake, aliyezoeleka kwa jina la Mama Antonia, alikuwa amepeleka magunia manne. "Mnada ukiwa mzuri tunaezeka bati," alisema. "Mvua ya juzi tumelala na masufuria kitandani! Mama anaomba tu yasitupate ya kwa mjomba."

"Yapi hayo?"

"Kijijini kwake lilikutwa gunia moja lina ukungu. Moja tu, Mboni! Si unajua mzigo wa kijiji unauzwa kwa pamoja? Wanunuzi wakaukataa wote. Wakanunua wa kijiji kingine."

Gunia moja tu. Darasani mwalimu alimwita mara mbili na hakusikia. Aliyaona masufuria juu ya kitanda cha Restuta, akamwona Mama Antonia akitazama paa lake la makuti, na kila alipofumba macho aliona ni yeye aliyelitoboa paa lile.

Kengele ya kurudi nyumbani ilipolia, alikimbia moja kwa moja kwa Bibi Somoe, aliyekuwa amesharudi kutoka msibani. Hakukumbuka hata kuamkia. Alieleza yote kwa pumzi moja, kuanzia rede mpaka gunia.

Safari hii Bibi hakucheka. "Mungu wangu! Nani kakufundisha mambo hayo?"

"Wewe, Bibi."

Bibi alitazama viganja vyake. Kisha akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Twende ghalani."

"Baba atakasirika."

"Atakasirika, ndiyo. Twende hivyo hivyo."

Honi ya lori ilisikika kutoka upande wa ghala. Lori lililokuja kuchukua mzigo wa mnada lilikuwa limewahi siku moja. Mboni aliushika mkono wa Bibi, wakaenda mbio kadiri miguu ya Bibi ilivyoruhusu.

Walipofika, karibu nusu ya magunia yalikuwa juu ya lori. Wanaume walikuwa wakipokezana, na Mzee Issa alikuwa mmoja wao, gunia begani. Mama Antonia alisimama kivulini akiyahesabu ya kwake kwa kidole, anatabasamu. Mboni alitaka kupiga kelele, lakini sauti haikutoka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Gunia jingine likapanda. Na jingine.

"Kaka Ridhiwani!" hatimaye alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua. "Gunia letu moja lina korosho zilizolowa. Nilizificha katikati. Baba hajui."

Wabebaji walisimama. Mzee Issa alilishusha gunia polepole, akamtazama binti yake, asiseme neno. Ukimya ule ule.

"Mnajua nina safari mpaka wapi?" dereva alifoka. Mtu mmoja akaguna kwamba watoto wa siku hizi wameshindikana. Ndipo Bibi Somoe alipopita katikati yao.

"Msimlaumu mtoto peke yake. Mimi ndiye niliyemfundisha, tena nikicheka. Enzi zile tukificha mbovu, mnunuzi alirudi mwaka unaofuata kwa sababu hakukuwa na mwingine, na sisi hatukuwa na pengine pa kuuza. Tukaona ni ujanja. Siku hizi wanunuzi wengi. Akikuta uozo kwenu anakwenda kwa wengine, na wala haagi. Nilimpa mjukuu wangu hadithi, nikasahau kumwambia ilikuwa aibu."

Ridhiwani hakupoteza muda. "Teremsheni," alisema.

Gunia hilo, lenye jina la Mzee Issa, lilikuwa la pili kutoka chini, upande wa mbele wa lori. Lilipomwagwa uwanjani, harufu ya uvundo ilipanda, na korosho za katikati zilikuwa zimeanza kufanya ukungu. Unyevu ulikuwa umepenya mpaka gunia lililolala chini yake. Mama Antonia aliinama, akalisoma jina.

"Hili langu," alisema.

Mboni alianza kulia. Mama Antonia alitumbukiza mkono, akachota, akatikisa. Kisha akavuta pumzi. "Zimepata unyevu kidogo tu. Zitakauka. Lingefika mnadani hivi, tungelia wote."

Lori liliondoka bila magunia yale mawili. Kwa siku tatu Mboni hakucheza. Kila alipotoka shule alikwenda uwanja wa ghala kuanika korosho za kwao na za Mama Antonia, akazitenga zilizooza zikatupwa, akageuza zilizobaki. Jumamosi Ridhiwani alikuja akitabasamu, simu mkononi: mzigo wa kijiji ulikuwa umepata mnunuzi, kwa bei nzuri, na magunia mawili yaliyobaki yangekwenda na lori linalofuata. Restuta aliruka juu. Mboni alikaa chini kando ya turubai, akacheka.

Jioni hiyo Mzee Issa alikuja uwanjani. Tangu Jumatano alikuwa amesema naye maneno ya lazima tu. Alichuchumaa upande wa pili wa turubai, akaanza kugeuza korosho.

"Unajua kilichoniuma?" alisema hatimaye. "Si mvua. Ungeniambia jioni ile, tungezianika tena na yangeishia hapo. Nilikuuliza, ukanijibu, nikakuamini. Nikalibeba gunia mbele ya watu nikisema ni langu na ni zuri. Uongo wako niliusema mimi, kwa mdomo wangu, na sikujua. Mnunuzi anamwamini karani, karani ananiamini mimi, mimi nakuamini wewe. Mmoja akidanganya, wote tumedanganya."

"Nisamehe, Baba. Niliogopa."

"Kuogopa si kosa. Kosa ni kuogopa na kuficha. Siku nyingine ukiharibu, njoo uniambie huku unatetemeka."

Mboni aligeuza korosho chache kabla ya kuthubutu kuuliza. "Na ukikasirika?"

"Nitakasirika," baba yake alisema. "Tena sana. Halafu tutazianika upya, mimi na wewe."