Ukuta Uliozoea Moto

Alfajiri, Mama Mikate huwa ameshakanda unga na kuwasha tanuri. Tanuri lake la bati lilikuwa limesogezwa hadi kwenye ukuta wa mbao. Upande wa pili wa ukuta huo alilala mama mkwe wake, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu tena. Bibi huyo alipenda kuegemeza mgongo ukutani, kwa sababu palikuwa na joto.

Mbao za nyuma ya tanuri zilianza kuwa kahawia, kisha zikawa nyeusi. Mama Mikate alisikia harufu ya kuungua, akamwambia mumewe.

"Miaka yote hii haujawaka," mume alisema. "Ukuta umeshazoea."

Hivi ukuta nao huzoea? Lakini akishasema mwenye nyumba, nani abishe.

Siku moja walimwita jirani yao, Fundi Patasi, apigilie rafu juu ya kitanda cha bibi. Fundi alisimamisha msumari ukutani. Kabla hajainua nyundo, msumari ulizama kwa kusukumwa na kidole tu. Akauchomoa. Ulitoka na vumbi jeusi.

"Bibi, shikamoo. Tutakuhamisha sasa hivi," alisema. "Shemeji, zima tanuri."

"Kuna nini tena?" mume aliuliza.

"Kaka, ubao una nyuzi ndogo mno, zinaitwa selulosi. Ndizo zinazoupa nguvu. Joto likiukalia kila siku, kwanza unakauka. Halafu nyuzi zenyewe zinakatikakatika. Zinatoa gesi inayowaka, na kinachobaki ni mkaa."

"Mbona sijaona moto?"

"Ubao huharibika kabla ya moto kuonekana. Na ukishafika hapa, unashika moto upesi kuliko ubao mpya."

"Basi nipigilie bati juu yake."

"Bati linapitisha joto. Ubao utaendelea kuungua nyuma yake, nawe huuoni. Hamisha tanuri."

Mume alibonyeza ukuta kwa kidole gumba. Ukamomonyoka. Akatazama mto wa mama yake ulipokuwa, pale pale chini ya kidole chake. Alimbeba mama yake mwenyewe hadi chumba kingine.

Tanuri lilijengwa upya uani, kwa matofali, mbali na ubao wowote. Fundi aling'oa mbao zilizoungua, akaweka mpya. Harufu ile haikurudi, na mikate inauzwa kama kawaida.

Jioni ya kwanza bibi aliporudi chumbani kwake, alinung'unika.

"Ukuta wenu mpya una baridi."

Mwanawe alileta blanketi, akapanda kitandani, akakaa nyuma yake.

"Niegemee mimi, mama," alisema.