Saini ya Bibi Mariambai

Kila nikitoka shule nilipitia kwa jirani yetu Bibi Mariambai, ghorofa ya tisa ya jengo letu hapa Etobicoke, ughaibuni, nimsomee barua zake. Bibi alizaliwa Tanga. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Mimi, Inara, nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijiona mkalimani hodari. Hodari wa nini!

Siku moja nilimkuta meneja wa jengo jikoni kwa Bibi, anakunywa chai ya maziwa. Alimsogezea Bibi karatasi.

"Inasemaje, mwanangu?" Bibi aliniuliza.

Nilikuwa na haraka, katuni yangu inakaribia kuanza. Nikatazama mstari wa juu tu. "Mambo ya ukarabati, Bibi. Weka saini tu."

"Basi nipe kalamu. Mtu amekunywa chai yangu, nitamnyima saini?"

Baada ya miezi mitatu ikaja barua nyingine. Mwenye jengo aliomba kibali cha kupandisha kodi kupita kiwango cha serikali. Katika gharama alizoorodhesha yalikuwamo makabati mapya, nyumbani kwa Bibi, na ushahidi ulikuwa saini ya Bibi kwenye karatasi ile. Makabati yapi? Mlango wa kabati lake ulifungwa kwa kamba! Kodi ikipanda, pensheni ya Bibi haitatosha, itabidi ahame.

Nilitaka kuficha kosa langu, lakini Mama aliposikia habari hizo alinikazia macho.

"Karatasi ile uliisoma?"

"Sikuisoma, Mama."

"Basi utakwenda kusema hivyo hivyo."

Nikasema hivyo mbele ya baraza la nyumba, linaloamua kesi za wapangaji.

"Mtoto amefundishwa huyo," meneja akadakia, bila haya!

Mama akatoa picha za jiko lile. Afisa wa baraza alizitazama sana, kisha akayafuta makabati ya Bibi kwenye gharama. Kodi yake haikupanda kupita kiwango.

Nilidhani yameisha. Kesho yake nilikuta barua mpya mezani kwa Bibi, nikanyoosha mkono.

"Ziache, mwanangu," alisema kwa upole. "Asad atanisomea."

Asad wa jirani! Mtoto wa darasa la nne! Nilirudi nyumbani nikilia kwa uchungu na aibu.

Mama hakunibembeleza. "Bibi hakuchukii, Inara. Alikuamini kwa kuwa hawezi kusoma mwenyewe, nawe ukamharakisha. Ukimsomea mtu, soma mpaka mwisho, na usichokielewa sema hukielewi. Nyumba tumeiokoa. Kuaminiwa tena, hilo hakuna baraza la kukuamulia. Utasubiri mpaka Bibi mwenyewe akuite."