Kilichokalia Mgongo wa Vifungo

Asubuhi ya kwanza bila maumivu, fundi cherehani waliyemwita Vifungo alisikia mtu akihema nyuma yake. Aligeuka. Ulikuwepo ukuta tu, na gauni la mteja kwenye hanga.

Hakujali. Tangu utotoni mgongo ulikuwa ukimuwaka kama kaa la moto, vidonge na sindano vimegonga mwamba, hadi daktari alipompandikiza kifaa: nyaya nyembamba kando ya uti wa mgongo, betri ndogo chini ya ngozi juu ya nyonga, na rimoti ya kuwashia na kuzimia. Umeme mdogo ulipita, naye akahisi kama sisimizi wanatembea pale palipokuwa pakiungua.

"Maumivu hatujayang'oa," daktari alimweleza. "Tumeyafungia mlango tu."

Nyumbani alikaa na bintiye wa shule na dada yake mkubwa. Dada ndiye aliyemuuguza miaka yote, akimwogesha, akimfunga viatu, akimwinua kitandani. Vifungo alizoea kusema kwamba hata mama yao asingeweza zaidi. Ndiyo maana alishangaa dada alipokitazama kifaa kwa chuki.

"Hicho kidude uwe unakizima mara mojamoja," dada alisema.

"Nimeanza tu kulala usingizi wa watu, dada, nawe wataka nizime?"

"Nasema tu."

Pumzi zile zikahamia jikoni, kisha kwenye korido, zikiandamana na harufu ya nywele zilizoungua. Mto wa kiti ulibonyea bila mtu kukaa. Na dada akaanza kutembea ameshika kiuno.

Alasiri moja dada alikuwa akipiga pasi, Vifungo akishona, mvua ikinyesha nje, ndipo harufu ikajaa chumba kizima, na nyayo zikasikika sakafuni, nzito, za kuburuta, zikampita Vifungo karibu kiasi cha kupeperusha uzi mkononi mwake, zikaenda moja kwa moja hadi kwa dada, naye dada akainama taratibu, pasi ikimponyoka, akainama kama mama anayepandisha mtoto mgongoni, ila mtoto huyu hakuonekana, na sauti kavu ya kuchoka ikatoka juu ya mabega yake: "Nimerudi kwako. Mdogo wako amefunga mlango."

Vifungo alichomoa waya wa pasi.

"Dada," alinong'ona. "Kwa nini anasema amerudi?"

Dada alikuwa amepiga magoti. "Alianza kwangu. Nikiwa msichana. Mganga alisema jini huyu hatoki, huhama tu. Nimtajie mtu wa damu yangu."

"Ukanitaja mimi."

"Ulikuwa mdogo. Nilidhani watoto hawaumwi sana."

Vifungo aliikumbuka ile wiki. Dada alipona, nyumba nzima ikashangilia, na yeye akaanguka darasani akilia mgongo.

"Kumbe kule kuniogesha kote," alisema polepole, "ulikuwa ukihakikisha bado yupo."

"Nilikuwa nakuonea huruma. Wallahi nilikuwa nakuonea huruma." Dada aliuma kitambaa cha meza ili asipige kelele. "Zima, mdogo wangu. Saa moja tu. Nipumue."

"Hapana. Huyo ni wako."

Alichukua mkoba wake, akafika mlangoni. Hapo nyuma, ile sauti kavu ikauliza, bila hasira, kama karani anayeuliza anayefuata ni nani: "Basi unanitajia nani?"

Dada, uso ukiwa sakafuni, akauliza kwa upole, "Binti yako anatoka shule saa ngapi?"

Vifungo alisimama mkono ukiwa kwenye kitasa. Hakugeuka, kwa maana hakutaka kuuona uso wa dada yake. Alitoa rimoti mkobani, akazima.

Kwanza sisimizi walipotea. Kisha mzigo ukapanda, ukajipanga mgongoni, na pumzi yenye moto ikatulia shingoni mwake. Akayumba.

Dada akanyooka. Akapangusa macho, akaja mbio kumshika kwapani asianguke, kama alivyofanya siku zote.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Pole sana."