Eda Ilikwisha Harith Akicheza Gemu

"Harith, mimi nakwenda kwetu."

"Subiri kidogo, namaliza mechi hii."

"Maliza tu. Nilikuwa nakuaga."

Hapo ndipo Harith alipogeuza shingo. Lubna alikuwa amesimama mlangoni na buibui lake, begi miguuni, uso umetulia kabisa. Kwenye runinga wachezaji wa Harith walibaki bila mtu wa kuwaongoza, wakafungwa bao.

"Kwenu? Kwani una nini leo?"

"Eda yangu imekwisha. Mimi si mkeo tena."

"Si mke wangu vipi? Si tulipatana?"

"Tulipatana lini, Harith?"

Wangepatana lini? Tangu siku ile hawakuwahi kulizungumza.

Siku ile chakula kilikuwa kimepoa, kikapashwa moto, kikapoa tena. Harith yuko kwenye mashindano ya gemu na watu wa mtandaoni asiowajua kwa sura wala kwa jina. Lubna akachoka, akachomoa waya wa plei, ile mashine ya gemu. Harith akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamtolea talaka, moja, kwa ajili ya waya. Kisha akauchomeka, akaendelea kucheza. Jamani, wanaume!

Mke wa talaka moja hakimbilii kwao. Hukaa eda nyumba ile ile ya mumewe, ili mume hasira zikimshuka amrudie kwa neno moja tu: nimekurejea. Halitaki mahari wala harusi. Lakini eda hiyo, kama miezi mitatu, ikipita kimya, ndoa imekwisha. Basi Lubna alihamia chumba cha mkwewe, Bi Hadiya, katika nyumba yao hiyo hiyo ya Muyeye, akalisubiri neno.

Harith yeye aliona chai yaja, shati limepigwa pasi, na jioni wote watatu wanaangalia tamthilia. Akadhani yamekwisha.

Kuna jioni moja ambayo sasa ilimrudia akatamani ardhi immeze. Ndani ya tamthilia mke alikuwa anashuka ngazi na sanduku lake, mume amesimama juu, kimya. Harith alijipiga paja.

"Sema, bwege wewe! Si umwambie asiende!"

Bi Hadiya akakohoa.

"Na wewe mwanangu, huna la kusema?"

"La nini, mama? Mjinga ni huyu hapa."

Lubna alimtazama kwa muda mrefu. Tamthilia ilipokwisha Harith akashika pedi yake ya gemu, na Lubna akafungua riwaya aliyokuwa akikaa nayo kila jioni.

Sasa Harith aliitupa pedi, akasimama. Mamake naye alikuwa ametoka chumbani.

"Basi nimekurejea! Mama shahidi, nimekurejea, Lubna!"

"Umechelewa," alisema Lubna. Akambusu Bi Hadiya mkono, akatoka. Bi Hadiya alikuwa analia waziwazi.

Harith alimpigia simu Ustadh Ishaq wa msikitini.

"Ustadh, lakini alikuwa akinipikia! Tukikaa pamoja!"

"Kupikiwa si kurejea, Harith. Ungelitamka lile neno jana, ungelikuwa na mke."

"Na leo?"

"Leo wewe ni mposaji kama waposaji wengine. Kapose upya. Akitaka atakubali, asipotaka huna la kumfanya."

Wiki ile ile Harith na mamake walikwenda Mambrui kwa wazee wa Lubna kuposa upya. Lubna alikubali kuzungumza naye sebuleni, mama zao wawili wakiwapo.

"Plei nimeitoa, Lubna. Nimempa Badi wa jirani."

"Ungekaa nayo. Mimi sikuwahi kuichukia gemu."

"Basi niambie wataka nini, nifanye."

"Sasa sitaki kitu. Nilitaka wakati ule. Ile riwaya uliyokuwa ukiniona nayo, wajua ina kisa gani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Sikuisoma. Kila jioni nilikuwa nimeishika tu, macho kwenye karatasi, masikio kwako. Ukikohoa, nasema sasa ndiyo anaanza. Ukiniita jina, moyo wanienda mbio. Kumbe wataka maji ya baridi."

Harith aliinamisha kichwa.

"Nilidhani wasoma."

"Miezi yote ile, Harith, sikufungua ukurasa wa pili. Ungeniangalia hata mara moja ungejua."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani. Jibu la posa nitakuletea."

Alingoja jibu hilo kwa shida. Kazini, yeye fundi wa mafriji aliyekuwa akisifiwa kwa umakini, sasa alikuwa akifungua friji na kusahau alichokuwa akitafuta. Alijiuliza yale mabao yote aliyofunga yako wapi, na hakukumbuka hata moja. Ijumaa moja baada ya swala ujumbe ukaingia kwenye simu:

"Harith, nimeswali istikhara, nikamwomba Mungu aniongoze. Sitarudi. Sina kinyongo nawe. Mwambie mama nampenda na nitakuja kumwamkia."

Aliusoma amesimama nje ya msikiti, watu wakimpa salamu, asiwaitikie.

Mfunguo mosi, Ramadhani imekwisha na harusi zimeanza, Lubna aliolewa na Zaid, mfanyabiashara kutoka Lamu. Bi Hadiya alialikwa, na alikwenda, maana Lubna alikuwa mwanawe hata bila Harith. Alasiri alirudi ananukia udi, akamkuta mwanawe amekaa barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Amependeza?"

"Amependeza, mashallah."

"Alikuwa na furaha?"

"Alikuwa akicheka, mpaka somo yake, kungwi wake, akawa anamkanya kwamba bibi harusi hacheki hivyo."

Harith alitazama mikono yake. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza alilokuwa amelikalia tangu asubuhi.

"Aliniulizia?"

Bi Hadiya alivua viatu polepole, akavipanga ukutani.

"Hakukuulizia, mwanangu," alisema. "Ingia ndani, ule."